Nanofilter

Nanofilter ni chujio la maji lililobuniwa nchini Tanzania na Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia na mhadhiri katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mkoani Arusha. Chujio hilo linaunganisha mchanga na maada zenye vitundu vya kiwango cha nanomita. Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unene wa unywele wa binadamu ni nanomita zipatazo 80,000.

Asili ya utafiti

Hilonga anatoka kijiji cha Gongali, wilaya ya Karatu. Alisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini. Huko alichunguza namna ya kutengeneza silika yenye vitundu kutokana na silikati ya sodiamu, malighafi ya bei nafuu. Gramu 1 tu ya silika ya namna hiyo inaweza kuwa na uso wa mita za mraba mamia kadhaa, na ni juu ya uso huo kemikali hunaswa.

Aliichanganya pia silika na dioksidi ya titani. Hiyo ni nusukipitishi, yaani haipitishi umeme kwa urahisi kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Ikipigwa na mwanga wa urujuanimno, elektroni zake huruka na kuacha nafasi wazi. Hapo huanza mimenyuko inayovunjavunja uchafu.

Matumizi

Mchanga huzuia takataka na vijidudu vingi, lakini floraidi iliyoyeyuka hupita. Hili si jambo dogo kaskazini mwa Tanzania, ambako miamba ya volkeno huongeza floraidi katika maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita; ikizidi sana kwa miaka mingi, meno ya watoto hugeuka kahawia na mifupa huharibika. Kwa kuwa maji hutofautiana, maada za chujio hupangwa kulingana na uchafuzi wa mahali husika.

Mwaka 2015 Hilonga alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, na kupata pauni 25,000. Kampuni yake inaitwa Gongali Model, kwa jina la kijiji chake.