Spageti Haikatiki Vipande Viwili

Chukua ujiti mmoja mkavu wa spageti. Ushike ncha zote mbili, uupinde taratibu mpaka ukatike. Ungetarajia vipande viwili. Utapata vitatu au zaidi, na kimoja kitarukia uvunguni mwa meza. Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani mwenye Tuzo ya Nobel, alihangaika na jambo hili jikoni asipate jibu la kumridhisha.

Jibu lilitoka Ufaransa mwaka 2005. Wanafizikia Basile Audoly na Sébastien Neukirch walionyesha kwamba ujiti ukikatika, kila upande hunyooka kwa ghafla. Mshtuko huo hupeleka wimbi ndani ya ujiti, na pale wimbi linapozidisha mpindo, ujiti hukatika tena. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, wakapata dawa: usokote kwanza ujiti karibu nyuzi 270, yaani robo tatu ya mzunguko, ndipo uupinde polepole. Msokoto unapofunguka hupunguza nguvu ya wimbi, na vipande vinabaki viwili.

Mpishi wa Pwani hana haja ya usahihi huo. Anapoandaa tambi za nazi kwa futari, huzivunjavunja viganjani makusudi, akazikaanga mpaka ziwe hudhurungi, kisha akatia tui, sukari na iliki. Tambi fupi hukaa vizuri kijikoni.

Mwitaliano havunji, maana uma wake unataka urefu. Spageti inapozungushwa, kila duara hukaza lile la chini yake na msuguano ukaongezeka. Kipande kifupi hakina pa kujifunga. Mjapani huvuta tambi zake za soba kwa sauti: hewa inayoingia nazo huzipoza, na kupeleka harufu puani kwa kupitia nyuma ya koo.

Kuvuta nako kuna adhabu yake. Mwaka 1949 mwanahisabati George Carrier alichapisha hesabu za tatizo la spageti: kadiri kipande kinachoning'inia kinavyofupika, ndivyo kinavyoyumba kwa nguvu. Ndiyo maana mchuzi hurukia shati mwishoni, si mwanzoni.

Na huko Mogadishu, ambako Waitaliano waliacha tambi zao, wako wanaokula tambi hizo, baasto, kwa mkono, ndizi mbivu pembeni.

Basi usimcheke anayevunja, anayezungusha, anayevuta wala anayetia mkono. Wote wanakabiliana na urefu ule ule, kila mmoja kwa chombo alichokizoea.