Mchumba Anayetumia Dawa za Sonona

Kijana aliyeposa, au binti aliyeposwa, akitambua kwamba mwenziwe humeza kidonge kila siku kwa ajili ya maradhi ya sonona, aghalabu huingiwa na maswali mawili asiyothubutu kuyatamka: la kwanza, je, mahaba anayopewa ni ya mtu mwenyewe au ni ya dawa, na la pili, je, siku dawa itakapokoma, atabaki na nani? Maswali haya si ya kipuuzi wala si ya ukatili, na yasipojibiwa kwa elimu hujibiwa kwa uvumi wa jamaa na majirani, ambao kwao dawa yoyote ya akili ni dalili ya wazimu.

Asili ya dawa hizi ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, matabibu waliokuwa wakiwajaribia wagonjwa wa kifua kikuu dawa iitwayo iproniazidi waliona kwamba watu waliokuwa wamelala kitandani kwa majonzi sasa wamechangamka, wanakula kwa hamu na kuzungumza kwa bashasha, hata wale ambao mapafu yao hayakuwa yamepona. Baadaye, huko Uswisi, tabibu Roland Kuhn aligundua kuwa dawa ya imipramini huwainua wenye sonona, akaitangaza habari hiyo mwaka 1957. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987, ni ya kizazi kilichofuata, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Seli za ubongo zina mianya myembamba mno baina yake, na habari huvuka mianya hiyo kwa kuchukuliwa na kemikali, mojawapo ikiwa serotonini, ambayo ikisha kufikisha ujumbe hurejeshwa ndani ya seli iliyoitoa. Fluoksetini na dawa za jamii yake huzuia marejeo hayo, basi serotonini hudumu mwanyani kwa muda mrefu zaidi. Lakini kizuizi hicho huanza katika saa chache, ilhali nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 6, na tofauti hiyo ya muda yatosha kumwonyesha mwenye kufikiri kwamba sonona si upungufu wa serotonini tu, kama ilivyosemwa kwa wepesi miaka mingi. Hata hivyo dawa zina manufaa: mwaka 2018 mtafiti Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye watu wazima zaidi ya 116,000, wakakuta kwamba dawa zote 21 walizozipima ziliishinda dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani yake, ingawa kwa wastani si kwa tofauti kubwa.

Swali la kwanza, basi, lina jawabu. Hakuna kidonge kinachomchagulia mtu wa kumpenda. Dawa ikifaa huondoa uzito uliomzuia mgonjwa kuinuka, kuoga, kula, na kumtazama mwenziwe usoni. Ila kwa baadhi ya watu hupita kiasi, ikafifisha huzuni na furaha vilevile, hata mtu akaenda matangani kwa ndugu yake mpenzi asitoe chozi, au akapokea habari njema kwa utulivu unaofanana na kutojali. Mchumba asiyejua hili hudhani amechokwa, kumbe ni jambo la kuelezwa daktari, naye aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa.

Walio katika unyumba wana adha nyingine, na hapa aibu hudhuru kuliko dawa yenyewe. Serotonini ikizidi hupunguza matamanio na kuchelewesha kilele cha tendo la ndoa, kwa mume na kwa mke. Katika uchunguzi wa Hispania uliotangazwa mwaka 1997, wagonjwa 14 katika kila 100 walilitaja tatizo hili kwa hiari yao, lakini walipoulizwa waziwazi walilikiri 58. Mtu akificha jambo hili kwa tabibu atalificha pia kwa mwenziwe, na mwenziwe, kwa kukosa maelezo mengine, atalitafsiri kuwa ni usaliti au kuchukiwa.

Swali la pili ni zito zaidi, maana linamgusa muulizaji mwenyewe. Mwaka 1989 watafiti Jill Hooley na John Teasdale walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wa Uingereza waliokuwa na sonona, ambao walifuatiliwa kwa miezi 9. Miongoni mwa mambo yaliyobashiri nani angerudiwa na maradhi, lililotangulia mengine lilikuwa jibu la mgonjwa kwa swali moja jepesi: mwenzi wako hukukosoa kwa kiasi gani? Sisemi kwamba mwenzi ndiye chanzo cha sonona, wala uchunguzi huo haukusema hivyo. Nasema kwamba lawama za kila siku si upepo mtupu kwa mtu aliyetoka katika maradhi haya, na hilo ni jambo lililo katika uwezo wa mchumba kulichunga.

Miongoni mwa lawama hizo, iliyo mbaya kupita zote ni ile ya kumwambia mgonjwa aache dawa ili aonekane mzima mbele ya wakwe. Dawa ikikatwa ghafula huleta kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, usingizi wa mang'amung'amu na mishtuko ya ajabu kichwani kama ya umeme. Na ikiachwa mapema, maradhi huweza kurudi. Matabibu hushauri iendelezwe kwa muda usiopungua miezi 6 baada ya kupona, kisha ipunguzwe kidogo kidogo chini ya uangalizi wao. Fauka ya hayo, kwa walio chini ya miaka 25 yapasa kuwa na macho katika wiki za mwanzo, kwa kuwa fikra za kujiua huweza kuongezeka, na mtu wa karibu ndiye aghalabu huliona badiliko kwanza. Akiliona, asingoje siku ya miadi, ampeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo namsihi msomaji aliye katika uchumba wa namna hii: muulize mwenzio jina la dawa yake, tangu lini anaitumia, na imembadilisha vipi, siri hiyo usiipeleke kwa wazazi wala marafiki pasipo idhini yake, na siku ya kliniki, akikuridhia, fuatana naye ukayaulize mbele ya tabibu yale unayoyaogopa.