Moyo wa kompyuta wamwonyesha daktari pa kuchoma

MOYO wako, msomaji, hudunda takriban mara 100,000 kwa siku, wala hauhitaji kuhimizwa. Kila pigo huanza na cheche ndogo ya umeme katika chumba cha juu upande wa kulia. Cheche hiyo husambaa, misuli hubana kwa pamoja, kisha umeme huzimika.

Lakini wapo watu ambao umeme huo hupotea njia. Huzunguka papo hapo kama matatu iliyoingia kwenye raundabauti ikakosa pa kutokea. Vyumba vya juu vya moyo basi havibani, hutetemeka tu. Damu hutuama humo na kuganda, na donge likichomoka likafika kwenye ubongo, mtu hupatwa na kiharusi. Hatari hiyo huwa kubwa mara tano hivi kuliko kwa mtu mzima wa afya.

Dawa zisipofaa, daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, akachoma vijisehemu vinavyoleta fujo. Palipochomwa huwa kovu, na kovu halipitishi umeme. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa cheche nyingi za fujo hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Huko ndiko wengi huanzia kuchoma.

Taabu ni kwamba moyo uliougua kwa muda mrefu huwa na makovu yake wenyewe, na umeme huzunguka kandokando yake. Hakuna mioyo miwili inayofanana. Daktari akichoma pasipofaa, mgonjwa atarudi mezani, na kilichokwisha kuchomwa hakirudi kuwa kizima.

Ndipo ikaingia kompyuta. Hesabu zenyewe si za jana. Mwaka 1960 Denis Noble, mwanafunzi wa London, alichapisha hesabu za umeme wa seli moja tu ya moyo.

Leo Profesa Natalia Trayanova na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, huunda vyumba vizima vya moyo. Huanza na picha za mgonjwa za mashine ya MRI, ambazo huonyesha hata makovu. Kisha huuchokoza moyo huo wa kompyuta: cheche hapa, cheche pale, waone fujo zitazukia wapi. Huchoma kwenye skrini, halafu huchokoza tena, kwa maana kuchoma kwenyewe kwaweza kufungua njia mpya ya fujo. (Heri igunduliwe hapo kuliko kifuani mwa mtu!) Fujo zikikoma kabisa, daktari hukabidhiwa ramani.

Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 waliotibiwa kwa njia hiyo. Mmoja tu ndiye aliyehitaji kuchomwa tena. Kumi ni wachache mno, kwa hivyo usikimbilie kumwambia mjomba aache vidonge vyake. Mwaka uo huo wakuu wa dawa wa Marekani waliruhusu njia hiyo ijaribiwe kwa wagonjwa wengi zaidi.