Draivu ya mota: mnunuzi aangalie na volteji

WENYE viwanda wanaotaka kupunguza ankara ya umeme siku hizi huanzia kwenye mota, na wana sababu. Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) lilikadiria mwaka 2011 kwamba mitambo inayoendeshwa na mota hutumia kati ya asilimia 43 na 46 ya umeme wote duniani.

Dawa inayouzwa ni draivu, kifaa kinachobadili masafa ya umeme ili mota iende kwa kasi inayotakiwa. Si kitu kipya sokoni. Danfoss ya Denmark ilitoa VLT 5 yake mwaka 1968.

Kwa feni, hesabu ni tamu. Kasi ikishushwa hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu asilimia 51. Feni inayokula kilowati 30, ikizunguka saa 6,000 kwa mwaka kwa kasi hiyo badala ya kasi kamili, huokoa karibu yuniti 88,000, ukiacha asilimia chache zinazopotelea ndani ya draivu yenyewe. Wauzaji hupenda kuishia hapo. Hawasemi kwamba pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu haipati punguzo hilo lote, wala konveya iliyojaa mzigo.

Hata hivyo, kinachowaumiza wengi baada ya kununua ni volteji. Draivu ya volti 400 kwanza hugeuza umeme wa AC kuwa DC wa volti kama 560, na saketi ya kipimo huitazama volteji hiyo muda wote. Ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, draivu hujizima. Ofisini taa zimepepesa tu, mhasibu hata hakuinua kichwa. Kiwandani mashine ya mabomba ya plastiki imesimama, plastiki inaharibikia ndani yake, na zamu nzima imegeuka kuwa ya usafi.

Draivu nyingi zina mpangilio wa kuvuka mtikisiko mfupi: kipimo kikiona volteji inashuka, draivu hupunguza kasi na kuvuna umeme kutoka kwenye mzigo unaoendelea kuzunguka. Feni nzito huvuka vizuri. Skrubu ya mashine ya plastiki husimama karibu papo hapo, haina cha kuvuna. Upande wa pili, mzigo mzito ukisimamishwa haraka hupandisha volteji kupita kiasi, na draivu hujizima vilevile isipokuwa imefungwa rezista ya breki.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza, fundi afunge kinasa volteji kwenye swichibodi kwa wiki moja au mbili, zamu ya usiku ikiwemo. Kisha mnunuzi adai proforma itaje kiwango cha volteji ambacho draivu hujizima, kama mpangilio wa kuvuka mtikisiko umo, na kama rezista ya breki imo kwenye bei au itauzwa kando.