KWA NINI RISASI INAKATAA KULIA?

Wengi wetu huku vijijini tumewahi kusikia bunduki ikifyatuliwa, ikalia "ka!" tu, na risasi isitoke. Watu hucheka. Mwenye bunduki naye huona haya, akafyatua tena haraka haraka. Hapo ndipo hatari ilipo, na tutaieleza. Tutachukua mfano wa rivolva, kwa sababu huko Marekani, ambako bastola hizo ni nyingi, wako watu wanaoziharibu wenyewe kwa kutaka ziwe nyepesi kufyatua.

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka. Silinda ina vyumba, mara nyingi sita, na kila chumba kinakaa risasi moja. Samuel Colt wa Marekani alipata hati ya kuitengeneza mwaka 1836. Bastola yake ilibidi mtu aikoki kwa kidole gumba kila mara. Mwaka 1851 Mwingereza Robert Adams alitoa ya namna nyingine. Hiyo ukivuta triga tu, yaani kile kidude cha kufyatulia, nyundo inarudi nyuma yenyewe, kisha inaachia na kupiga. Rivolva nyingi za leo zinaweza kufyatuliwa kwa njia zote mbili.

Sasa tuitazame risasi. Kwenye kitako chake, katikati, pana kikombe kidogo cha madini. Hiyo ndiyo fataki. Ndani yake mna dawa kidogo sana inayowaka ikigongwa, na kipande kigumu mfano wa fuawe ya mhunzi. Nyundo ikipiga, pini inabonyeza kikombe. Dawa inasagika kati ya kikombe na ile fuawe, inawaka, na moto wake unapita katika tundu dogo na kuwasha baruti. Baruti ndiyo inayosukuma kichwa cha risasi nje. Aliyeanza kutumia dawa ya namna hii katika bunduki alikuwa mchungaji wa kanisa huko Scotland, jina lake Alexander Forsyth. Alipenda kuwinda ndege. Bunduki za gumegume za siku zile zilitoa mwako kabla ya mlio, ndege wakaona, wakaruka zao! Forsyth alipata hati yake mwaka 1807.

Basi fataki inataka pigo. Ukigusa kijiti cha kiberiti polepole kwenye boksi lake hakiwaki. Fataki nayo ni hivyo hivyo. Na nguvu ya pigo inatoka kwenye springi. Mfikirie mtoto na manati yake. Mpira ukiwa mzito, mkono unachoka kuvuta, lakini jiwe linakwenda kwa kasi. Mpira ukilegea, kuvuta ni rahisi, lakini jiwe linaanguka karibu na ndege anakutazama.

Rivolva ya kawaida, ukiifyatua bila kuikoki, triga inataka nguvu ya kilo 5 hivi, pengine hata 6. Ni sawa na kuinua mfuko wa unga wa kilo 5 kwa kidole kimoja. Mkono unatetemeka, shabaha inapotea. Ukiikoki kwanza, kilo 2 au pungufu zinatosha. Kwa hiyo wenye kushindana shabaha wanataka triga iwe nyepesi. Tena wako hodari wa ajabu: Ed McGivern, mwaka 1932 huko South Dakota, alipiga risasi 5 kwa sekunde 0.45.

Katika bastola nyingi za Smith & Wesson springi ya nyundo ni bapa, nayo imekaa ndani ya mshikio. Mbele ya mshikio, chini, pana skrubu ndogo inayoisukuma springi hiyo ipinde. Ukiilegeza skrubu, springi inalegea na triga inakuwa nyepesi. Inaonekana kazi ya dakika moja! Lakini pigo nalo limepungua. Wengine hata huikata skrubu iwe fupi. Na skrubu iliyolegezwa inaweza kuendelea kulegea yenyewe kwa mtikisiko wa kila mlio. Leo bastola inalia, mwezi ujao inakataa, na mwenyewe anailaumu risasi.

Mafundi wanaoijua kazi yao hawaanzi na springi. Wanasafisha kwanza, maana mafuta ya zamani yakigandamana na vumbi hupunguza mwendo wa nyundo. Halafu wanalainisha mahali vyuma vinaposuguana. Triga laini si lazima iwe nyepesi, lakini kidole kinaipenda. Springi wanaipunguza mwisho, kidogo kidogo, na kila mara wanajaribu kwa risasi nyingi za aina ile ile mwenyewe atakayotumia. Fataki hazilingani ugumu. Inayowaka kwa pigo dogo haitoki kila kiwandani.

Risasi iliyokataa inatoa ushahidi. Alama ya pini kwenye fataki ikiwa haina kina, pigo ni dogo. Ikiwa na kina cha kutosha, pengine fataki ni mbovu au iliingiwa na mafuta. Kama bastola inalia ukiikoki lakini inakataa ukivuta triga moja kwa moja, ishuku springi, kwa sababu ukiikoki nyundo inarudi nyuma zaidi na kupata mwendo. Na pengine fataki haikukaa vizuri mahali pake: pigo la kwanza linaishindilia tu, la pili linaiwasha.

Sasa ile hatari. Kuna fataki inayochelewa. Imepigwa, kimya, halafu inalia. Katika rivolva, ukivuta triga mara ya pili silinda inazunguka, na risasi iliyochelewa inahamia pembeni, ambako mbele yake hakuna mtutu. Ikilia hapo inaweza kupasua bastola na kuumiza mkono. Kwa hiyo usifyatue tena. Elekeza mtutu mahali salama, hesabu sekunde 30 bila haraka, ndipo ufungue silinda. Usiisogeze usoni kutazama!

Wenye magobore ya fataki mambo ni yale yale, ila kwao mara nyingi ubaya uko kwenye lile tundu la kupitishia moto. Masizi ya baruti hulijaza, fataki ikalia peke yake na baruti ndani isiwake. Hapo subiri hata zaidi, dakika moja au mbili, mtutu ukiwa umeelekea pasipo mtu wala mfugo. Ndipo uondoe fataki na kuzibua tundu kwa waya mwembamba. Na kama ni springi iliyochoka, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, pamoja na kibali chako.