Dawa ya Kihindi ya Kunawia Uso: Jinsi Nilivyoijaribu

Wengi wetu tulio shuleni twasumbuliwa na chunusi, ingawa ni wachache wanaokubali kulisema jambo hilo mbele ya watu. Mimi mwenyewe mwaka jana, Siku ya Wazazi, nilikataa kusimama na kusoma shairi langu kwa sababu ya uso tu. Paji la uso, pua na kidevu viling'aa mafuta na kujaa chunusi. Mashavu nayo yalikuwa makavu hata yakapauka. Ngozi ya namna hii huitwa ngozi ya mchanganyiko. Nataka kueleza nilivyoitafutia dawa, ili mwenzangu asipoteze fedha zake bure.

Kwanza tujue sababu. Ndani ya ngozi mna tezi ndogo zinazotoa mafuta. Tezi hizo ni nyingi zaidi katika paji, pua na kidevu kuliko mashavuni. Mtu anapobaleghe hutoa mafuta mengi. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa huziba vitundu, vijidudu huzaliana humo, na chunusi hutokea. Basi chunusi si alama ya uchafu, wala ya tabia mbaya, kama wengine wasemavyo.

Mjomba wangu aliniletea unga wa kunawia uso kutoka duka moja la Kampala, umeandikwa kuwa ni wa Ayurveda. Hiyo ni elimu ya kale sana ya Bara Hindi, na jina lake maana yake ni elimu ya maisha. Vitabu vyake mashuhuri ni vya Charaka na Sushruta. Hata leo yafundishwa huko vyuoni, na mwaka 2014 Serikali ya India iliunda wizara ya kuisimamia pamoja na tiba nyingine za jadi. Wafuasi wake husema mwili una nguvu tatu, yaani vata, pitta na kapha. Ukavu, wasema, ni wa vata, na mafuta ni ya kapha. Kwa hiyo ngozi ya mchanganyiko ni nguvu mbili zinazogombana katika uso mmoja.

Nguvu hizo hazipimwi kwa chombo chochote cha maabara, lakini viungo vya unga twaweza kuvieleza. Unga wa dengu hunyonya mafuta, na vivyo hivyo udongo wa Multani, uliopewa jina la mji ambao sasa umo katika Pakistan. Manjano yameonekana katika maabara kupunguza uvimbe, na mwarobaini, mti ambao asili yake ni huko huko Bara Hindi, kuzuia baadhi ya vijidudu. Ndugu zetu wa pwani hawatashangaa, maana wao husinga kwa liwa na manjano tangu zamani.

Nilikuwa karibu kuupaka uso mzima, ndipo mwalimu wetu wa Biolojia aliponiuliza, "Ukipona, utajuaje ni unga uliokuponya?" Akanishauri niache sabuni ya kufulia niliyozoea kunawia, kisha upande wa kushoto ninawe kwa unga, na wa kulia kwa maji matupu. Kwanza nilipaka kidogo ndani ya mkono, nikangoja siku nzima nione kama utaniwasha. Haukuniwasha. Basi kwa siku 14, asubuhi na jioni, nilikoroga kijiko kimoja cha chai kwa maji, nikapaka taratibu bila kusugua, na kuosha kabla haujakauka. Wenzangu waliona rangi upande mmoja, wakaniita Bwana Manjano.

Matokeo yalinishangaza. Chunusi zilipungua pande zote mbili, karibu sawasawa. Paji la kushoto lilipungua mafuta kuliko la kulia, lakini shavu la kushoto lilizidi kukauka. Mwalimu akanieleza kwamba ngozi ina asidi kidogo, pH yake yapata 5, na sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10. Sabuni kali huondoa hata yale mafuta yanayoilinda ngozi. Kumbe adui yangu mkubwa alikuwa ile sabuni! Kweli, uso mmoja kwa siku 14 si ushahidi wa kutosha kwa watu wote. Lakini mimi nisingaliyajua hayo kama ningaliupaka uso mzima.

Sasa natumia unga kwenye paji, pua na kidevu tu, mara mbili kwa juma. Mashavu nayaosha kwa maji na kuyapaka mafuta kidogo. Ila tusidhani kila kitu cha miti shamba ni salama. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walipima dawa za Ayurveda 193 zilizouzwa kwa intaneti, wakakuta yapata moja katika kila tano ina risasi, zebaki au aseniki. Tena jihadharini na krimu za kujichubua. Nyingine zina zebaki, nayo huharibu mafigo. Mwenye chunusi kubwa zenye maumivu na aende kwa daktari mapema, kabla hazijaacha makovu.

Chunusi zangu hazijaisha zote. Hata hivyo Siku ya Wazazi ijayo nimekwisha andikisha jina langu, nami nitasimama na kusoma.