Sengerema: Shukrani ya Daraja ni Kumkumbuka Jirani

Ukiwa Mwanza mjini na kutazama magharibi, ng'ambo ya ghuba, unaiona ardhi ya Sengerema. Mji wenyewe umekaa ndani kidogo, mbali na maji. Bali vijiji vyake vya ufukweni mwa Ziwa Victoria huishi kwa sangara, sato na dagaa wanaoanikwa juani. Walio mbali na ziwa hulima pamba, mihogo na mpunga. Wazinza na Wasukuma wamechanganyika humo kwa ndoa na ujirani.

Kwa miaka mingi, njia ya Mwanza ilikuwa vivuko vya Kamanga na Busisi. Hata mgonjwa anayepelekwa Bugando alisubiri chombo. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na kusubiri huko Busisi kukakoma. Lakini mama aliyewauzia abiria wa kivuko samaki wa kukaanga, sasa magari yanampita.

Katika Sura An-Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ameitiisha bahari ili tule, tusafiri na tushukuru. Basi msafiri, ukivuka salama, simama Busisi ununue kwa mama huyo.